Muulize Muuguzi: Nimekutwa na homa ya ini, je, nivunje uchumba?

Mwezi huu barua za ini zimezidi hata za presha. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ambayo mtaiona mbele. Walioniuliza kuhusu vidonda vya tumbo wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Singida. Mwezi wa tatu walikuja watu wa damu salama karibu na soko, nikachangia. Baadaye nikapigiwa simu, nikaambiwa damu yangu haikutumika kwa sababu nina virusi vya homa ya ini aina ya B. Nikaenda kituo cha afya, mhudumu akasema, "Hii haina dawa, ndiyo hivyo, kula vizuri." Tangu siku hiyo silali. Wala siumwi kitu, vioo nabeba mpaka ghorofa ya tatu. Mahari nimeshatoa nusu, harusi ni Desemba. Rafiki yangu amenipeleka kwa mzee anayeuza dawa ya kuosha ini, chupa shilingi 80,000, na anataka ninywe tatu. Halafu nimeanza kuwaza kwamba mchumba wangu ndiye aliyeniletea. Nivunje uchumba? Na je, nitakufa?
*Fundi, Singida*

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, maana najua ndilo linalokunyima usingizi. Wengi wenye virusi hivi huzeeka navyo. Ila wapo ambao ini lao huharibika polepole, bila maumivu, likasinyaa na kuwa gumu, au likaota saratani. Kwa walioambukizwa utotoni wasifuatiliwe, hao ni kama mmoja kati ya wanne. Hapo ulipo hujui uko upande gani. Wala mhudumu aliyekuambia ukale vizuri hajui.

Hilo neno "haina dawa" nalichukia. Mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, alichangia damu mwaka 2009 dada yetu alipofanyiwa upasuaji wa kujifungua. Naye aliitwa, naye akaambiwa maneno hayohayo kwenye kituo kimoja. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na hakuniambia. Aliona haya. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa swala tano, pombe hakuwahi kuionja. Miaka tisa akawa mzima kama wewe. Mwanzoni mwa 2018 tulikutana msibani, nikaona ametoboa tundu jipya la mkanda kwa msumari, nikamwambia apunguze safari, amekonda. Kufika mwezi wa nne mkanda ule haukufunga tena. Tumbo lilikuwa limejaa maji, miguu imevimba, macho rangi ya binzari. Mtaani wakasema amelishwa kitu. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe karibu ini lote. Alikuwa na miaka 41.

Baada ya arubaini tulikuwa tunapanga vitu vyake. Mkewe akafungua kopo la maziwa alimokuwa akiweka risiti za lori, akatoa kadi ya mchangia damu, akanipa. Ndani mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa kwa kalamu: HBsAg, yaani kipimo cha virusi vya homa ya ini B, alama ya kujumlisha kuonyesha vimo, na chini yake "aende hospitali". Mikunjo ilikuwa mipya kabisa. Kilikunjwa siku ile na hakikukunjuliwa tena.

Wewe umekikunjua, umeniandikia. Sasa twende hatua kwa hatua.

Dawa ipo. Mpaka leo hakuna kidonge cha kuvitoa virusi vya aina ya B mwilini moja kwa moja, na huko ndiko neno lile lilikotoka. Lakini kuna kidonge kinachoitwa tenofoviri, kimoja kwa siku, kinavilaza virusi visiendelee kulitafuna ini, na kinapunguza sana hatari ya saratani. Mbona mwenye presha hatumwambii haina dawa? Naye humeza kila siku na maisha yanaendelea. Si kila mwenye virusi anahitaji kuanza leo, na ndiyo maana unapimwa. Nenda hospitali ya mkoa, siyo kile kituo ulichokwenda, uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani. Mwambie unataka kupimwa vimeng'enya vya ini, hesabu kamili ya damu pamoja na zile chembe za kugandisha, wingi wa virusi kama kipimo hicho kinapatikana, na altrasaundi ya ini. Pima na VVU. Usishtuke kwa hilo: tenofoviri imo pia ndani ya dawa za VVU, na kuimeza peke yake wakati una VVU bila kujua kunavipa virusi hivyo nafasi ya kuwa sugu. Kwa sababu hiyohiyo usimeze vidonge vya jirani. Nimewaona wanaogawana, halafu mwenye vidonge akihama, wanaacha ghafla, na ini linawaka moto kuliko mwanzo.

Kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Virusi vikiwa bado vipo, basi vimekaa, na utakuwa mtu wa kurudi kila miezi sita hata ukiambiwa kidonge bado. Weka tarehe kwenye simu sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Na ninyi wengine mlioambiwa "bado" miaka ya nyuma, rudini mkaulize tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2024, na wanaostahili kuanza dawa wameongezeka.

Sasa mchumba wako. Mwanangu, usimtupie binti wa watu mzigo ambao huenda uliubeba kabla hajazaliwa. Mtu mzima akipata virusi hivi, mara nyingi mwili wake unavifukuza wenyewe. Hata watano kati ya mia hawabaki navyo. Mtoto mchanga ni kinyume: tisa kati ya kumi hubaki navyo. Kwa hiyo mwenye navyo bila kuumwa, kama wewe, mara nyingi alivipata siku anazaliwa au akiwa mdogo. Nchini kwetu chanjo ya ugonjwa huu iliingia kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Wewe ulishazaliwa, hukuipata. Kumbuka utoto wako: wembe mmoja mama ananyoa vichwa vyote uani, chale za mganga, jando kisu kimoja watoto kumi, vidonda vya magotini mnagusana mkicheza. Virusi hivi hupita kwa tone la damu ambalo jicho halilioni. Hata mama yako asilaumiwe, hakuna aliyempima.

Uchumba usivunje. Mwambie. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, siyo kwa simu wala siyo usiku wa manane. Anza na hili: "Nilichangia damu, wakakuta nina virusi vya ini, nimeanza kufuatilia, na nataka nawe upimwe ili nikukinge." Akipimwa akakutwa hana, achanjwe. Ni sindano tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Akianza Juni hii, ya tatu inaangukia Desemba, mwezi wa harusi yenu. Mpaka hapo tumieni kondomu, na mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya tatu apimwe kama kinga imeshika. Ikishika, yeye yuko salama na ndoa yenu haina kizuizi. Wadogo zako na mama yako nao wapimwe.

Chupa za yule mzee ziache. Mimi nimekulia kwenye mwarobaini na mlonge, sidharau majani. Ila kila unachomeza kinapita kwenye ini kwanza, na ini lako tayari lina kazi ya ziada. Wodini nimepokea watu waliokuwa wazima mpaka walipokunywa mchanganyiko wa kuosha ini, wakaja macho yamegeuka manjano. Ini halioshwi. Chupa tatu ni shilingi 240,000, peleka maabara.

Kuhusu kula: hakuna chakula maalumu. Pombe acha kabisa, hata ya harusini kwako. Na kwa kuwa uko Singida, sikiliza hili. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na sumu hiyo ikikutana na virusi vya B kwenye ini moja, hatari ya saratani inapanda mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake. Mwaka 2016 majirani zenu wa Dodoma na Manyara walizika watu kwa sababu ya sumukuvu. Karanga iliyokunjamana, yenye rangi ya kijani au chungu ulimini, iteme. Kupika hakuiondoi sumu. Na mahindi ya hivyo usiwape hata kuku.

SWALI: Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi mitano, ya pili. Kliniki wamenipima wakaniambia nina homa ya ini B. Mume wangu hana neno, lakini mama mkwe amenitengea sahani na kikombe, na sinia nimeondolewa. Asema mtoto akizaliwa nisimnyonyeshe. Kifungua mimba wangu ana miaka mitatu.
*Mama wa Kilifi*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa hilo sinia. Mpe mama mkwe gazeti hili asome mwenyewe: homa ya ini B haipiti kwenye sinia, wala kikombe, wala kwa kukumbatiana, kupiga chafya au kutumia choo kimoja. Inapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Visivyogawanwa ni wembe, mswaki na mkasi wa kucha. Anayechanganya hii na homa ya ini ya A au E, ambazo ndizo za maji na chakula kichafu, anakuonea bure.

Kunyonyesha unyonyeshe. Mtoto aliyechanjwa yuko salama kwenye ziwa lako.

Sasa kazi iliyo mbele yako ni saa 24. Hizo za kwanza baada ya mtoto kutoka. Watoto wetu huanza sindano ile yenye chanjo tano wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14, na ndani yake mna chanjo ya ini. Kwa mtoto wako wiki ya sita ni mbali mno. Virusi humpata pale pale anapopita. Anatakiwa achomwe chanjo ya homa ya ini B peke yake ndani ya siku ile ile, na kama hospitali ina sindano ya kingamwili, apewe zote mbili, kila paja lake. Usisubiri uchungu ndipo uulize. Nenda wiki hii, ukiwa na miezi mitano, uwaulize: mnayo hapa? Kama hawana, ina siku za kutafutwa. Kisha mwombe muuguzi aandike kwa maandishi makubwa kwenye ukurasa wa mbele wa kijitabu chako cha kliniki: MAMA ANA HOMA YA INI B, MTOTO ACHANJWE AKIZALIWA. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 31. Saa tisa usiku, wazazi sita kwa wakati mmoja, muuguzi husoma ukurasa wa mbele tu.

Muulize daktari pia kuhusu tenofoviri. Mama mwenye virusi vingi huanzishwa kidonge kuanzia kipindi cha pili cha mimba, yaani ulipo sasa, mpaka anapojifungua, ili mtoto apate damu iliyopoa. Ni dawa inayotumiwa na wajawazito kwa miaka mingi.

Baada ya hapo mtoto amalize sindano zake zote, na akifikisha miezi tisa hadi mwaka apimwe. Kifungua mimba naye mpeleke akapimwe, na baba yao. Hilo usiliahirishe kwa sababu ya ujauzito.

SWALI: Mama, mimi ni binti wa Tanga, nilikuwa niende Muscat kazi za ndani. Vipimo vimenikatalia, wakala ananiambia nina homa ya ini. Sasa ananiambia kuna sindano ya shilingi 150,000 inasafisha damu ndani ya wiki mbili, nikirudia kupima nitapita. Nyumbani wameshauza mbuzi kwa ajili ya pasipoti. Nisaidie.
*Binti, Tanga*

JIBU: Mwanangu, sindano hiyo hakuna. Hakuna popote duniani. Angekuwa nayo mtu, asingeiuza kichochoroni kwa laki na nusu. Watachukua hela za mbuzi wa pili.

Ni kweli nchi za Ghuba huwapima homa ya ini B na C wanaokwenda kufanya kazi, na anayekutwa nayo hukataliwa. Mimi naona ni uonevu kumzuia mtu kufua na kupika kwa ugonjwa usiopita kwenye nguo wala chakula, lakini wewe na mimi hatutaibadilisha sheria yao leo. Dai karatasi ya majibu, ni haki yako, uangalie herufi. Ikiwa ni C, una habari njema: kipimo cha kwanza kinaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana nayo, ufanyiwe cha pili cha kutafuta virusi vyenyewe, na vikiwepo vinatibika na kuisha kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Ikiwa ni B, soma jibu la fundi wa Singida, yote yanakuhusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na B. Si laana yako wewe na ukoo wako. Kabla hujalia kwa ajili ya Muscat, linda ini lako hapo Tanga.

SWALI: Homa ya manjano na homa ya ini ni kitu kimoja? Nina ile kadi ya njano ya kusafiria, je, inanikinga?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Hapana, wala haikukingi. Homa ya manjano huletwa na mbu na chanjo yake ndiyo hiyo ya kadi. Yote mawili yanaweza kugeuza macho manjano, ndipo majina yakachanganyika. Chanjo ya homa ya ini B ni nyingine, sindano tatu.

SWALI: Shikamoo mama, mimi kinyozi hapa Morogoro, viti vitatu. Mteja mmoja kaniuliza kama mashine yangu inaambukiza ini, mbele ya watu. Nikamwonyesha spiriti. Kweli spiriti inatosha?
*Kinyozi, Morogoro*

JIBU: Marahaba mwanangu. Aliyekuuliza kakufanyia hisani. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa kwenye chuma kikavu siku saba na bado vikaambukiza. Mteja wa Jumatatu mwenye kipele kilichokwanguliwa anaweza kumwachia wa Jumamosi.

Nilikaa kwenye saluni moja nikimsubiri mjukuu wangu, nikamwangalia kinyozi. Alipuliza nywele kwa mdomo, akapitisha pamba yenye spiriti mara moja juu ya meno ya mashine, akaanza kichwa kingine. Kati ya meno nywele zilikuwa bado zimelala. Spiriti haifiki chini ya nywele na uchafu wa damu, ndiyo maana peke yake haitoshi.

Uwe na seti tatu za meno kwa kila kiti. Ukimaliza kichwa, fungua meno, sugua kwa mswaki mgumu, maji na sabuni mpaka yawe safi. Yatie kwenye bakuli la maji ya klorini kwa dakika 10. Ile jiki ya dukani ikiwa na nguvu ya asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, na uchanganye upya kila asubuhi, maana ikikaa inapoteza makali. Suuza, kausha vizuri, tia mafuta ya cherehani yasipate kutu. Wakati hayo yanalowa, unanyoa kwa seti ya pili. Wembe wa kuchongea ni mpya kwa kila mteja, ufungue mbele yake auone, na baada ya hapo utumbukize kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Jiwe la kuzuia damu linalopitishwa kila kidevu litupe leo hii. Tumia pamba mpya.

Nawe mwenyewe na vijana wako wawili mko kwenye damu za watu kutwa nzima. Nendeni mkapimwe asubuhi kabla hamjafungua, na asiye na virusi aanze chanjo siku hiyohiyo.